Mtoto Aliyechelewa Kulia: Namna ya Kuulinda Ubongo Wake Tangu Leba Hadi Siku ya Tatu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wakunga, wauguzi na matabibu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hana mashine ya kumpoza mwili wala kipimo cha umeme wa ubongo, na ambako mara nyingi usiku muuguzi mmoja huhudumia wodi nzima. Umejengwa juu ya hali ya Tanzania, lakini wenzetu wa Kenya, Uganda na Kongo hawatauona mgeni, kwa kuwa vifaa vinavyotajwa humu ni vilevile walivyo navyo. Ubongo wa mtoto huyu hulindwa zaidi na kazi ambazo kila mkunga anazijua, yaani pumzi, joto, sukari na udhibiti wa degedege, mradi kazi hizo zianze mapema na zisikatizwe mpaka siku ya tatu ipite.

Sababu ya kutaja siku tatu ni hii. Ubongo uliokosa oksijeni na damu hauharibiki wote kwa mara moja. Wakati wa tukio lenyewe seli huishiwa nguvu, na baadhi hufa papo hapo. Hewa na mzunguko wa damu vikirudi, seli nyingi zilizosalia hupata nguvu tena, na kwa muda wa takriban saa 6 mtoto anaweza kuonekana ametulia. Baada ya hapo, kuanzia saa ya 6 hadi ya 72 hivi, huja wimbi la pili la madhara, ambapo seli zilizonusurika huanza kuishiwa nguvu upya, ubongo huvimba na degedege hujitokeza. Lile wimbi la kwanza huzuiwa na mkunga aliye leba. La pili huweza kupunguzwa makali na muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Kwa hiyo mtoto aliyepumua hatimaye baada ya kuhangaikiwa asihesabiwe kuwa amepona, hata kama anapelekwa kwa mama yake akiwa na rangi nzuri.

Kabla mtoto hajazaliwa

Kinga bora ni ile inayofanyika mtoto akiwa bado tumboni. Mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika kipindi cha uchungu mkali, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma, kwa dakika nzima na mara tu baada ya mkazo wa uchungu kuisha, kwa kuwa hapo ndipo mapigo ya mtoto aliyechoka hushuka na kuchelewa kupanda. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yakiwa nje ya mipaka hiyo, mama alazwe ubavu, dripu ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) isimamishwe kama ipo, shinikizo la damu lipimwe, uke uchunguzwe kuona kama kitovu kimetangulia, na daktari aitwe bila kusubiri kipimo kinachofuata. Patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ijazwe wakati kazi inaendelea. Patografu iliyojazwa baada ya mama kujifungua haijamlinda mtu yeyote.

Jambo moja linalosahauliwa ni kumuuliza mama, kwa upole na bila kumtishia, kama ametumia mitishamba ya kuongeza uchungu nyumbani au amepewa vidonge au sindano ya uchungu mahali pengine kabla ya kufika. Akigombezwa atakana, na mkunga atamwongezea oksitosini mwanamke ambaye mfuko wake wa uzazi tayari unajikaza kupita kiasi. Mikazo ikizidi mitano katika dakika 10, kondo la nyuma halipati nafasi ya kumjazia mtoto oksijeni katikati ya mkazo mmoja na mwingine.

Dakika ya kwanza

Mfuko wa kupulizia hewa, barakoa za ukubwa unaofaa, vitambaa viwili vikavu na saa ya ukutani viwe tayari, na mfuko uwe umejaribiwa, kabla mama hajaanza kusukuma. Ukaguzi huu ufanyike kwa kila uzazi, hata ule unaoonekana mwepesi, kwa sababu watoto wengi wanaohitaji msaada wa kupumua huzaliwa na mama ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya hatari.

Mtoto akizaliwa afutwe vizuri, kitambaa chenye maji kiondolewe, asuguliwe mgongo mara mbili au tatu, na atazamwe kama anapumua. Asipigwe makofi, asining'inizwe kichwa chini, wala asimwagiwe maji baridi. Kunyonya ute kusiwe desturi. Kufanywe pale tu njia ya hewa inapokuwa imeziba kweli, kwa kuwa mpira unaoingizwa kooni bila sababu hupunguza mapigo ya moyo na hupoteza muda. Mtoto asipopumua, au akivuta pumzi moja moja za kuhangaika, kitovu kikatwe na aanze kupuliziwa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hiyo ndiyo dakika ya dhahabu inayofundishwa katika mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua.

Umuhimu wa dakika hiyo ulipimwa nchini kwetu. Katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, watafiti waliosimama leba na kurekodi muda walionyesha mwaka 2012 kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Takwimu hiyo ningependa ibandikwe ukutani juu ya kila meza ya kuhudumia watoto, kwani sekunde 30 ndizo zinazopotea mtu anapokwenda kutafuta barakoa chumba cha pili.

Kupuliza hewa kwenyewe kunahitaji mkono uliozoea. Kichwa cha mtoto kielekezwe nyuma kidogo tu, kisiinamie kifuani wala kisipinduliwe kupita kiasi; barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua lakini isifike machoni; mfuko ubanwe takriban mara 40 kwa dakika. Ushahidi kwamba hewa inaingia ni kifua kinachopanda. Kisipopanda, usiendelee kubana ukitumaini: rekebisha kichwa, kaza barakoa, angalia mdomoni kama kuna ute, fungua mdomo kidogo, kisha bana kwa nguvu zaidi kidogo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi hewa ya kawaida inatosha kuanzia, kwa hiyo kukosekana kwa mtungi wa oksijeni si sababu ya kusita. Usiache kupuliza ili kwenda kutafuta dawa au kumchoma sindano. Moyo wa mtoto mchanga hudhoofika kwa kukosa hewa, na hewa ikifika kwenye mapafu mara nyingi moyo huitikia wenyewe.

Mtoto aliyelegea, asiyepumua na mwenye rangi ya kijivu asiandikwe kuwa amezaliwa mfu kabla mapigo ya moyo hayajasikilizwa kwa stetoskopu. Baadhi ya watoto wanaoandikwa hivyo walikuwa na moyo unaodunda polepole na walihitaji hewa tu. Kama hakuna mapigo yoyote baada ya dakika 10 za kupuliza hewa ipasavyo, au mapigo yakibaki chini ya 60 na mtoto hajapumua mwenyewe hata baada ya dakika 20, Shirika la Afya Duniani linashauri juhudi zisitishwe, na mama aelezwe ukweli na mtu aliyeketi karibu naye.

Lazima niseme neno kuhusu mafunzo. Mwaka 2013 ilichapishwa tathmini ya hospitali 8 za Tanzania zilizofundishwa kuwasaidia watoto kupumua, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, Haydom waligundua kwamba mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadilisha kilichotendeka leba. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mwanasesere wa kufundishia, yaliyofanyika palepale kazini. Vifo vya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mganga mfawidhi mwenye bajeti ndogo asijisikie mnyonge kwa kukosa fedha za semina. Aweke mwanasesere kwenye meza ya leba, na kila anayeingia zamu apulize hewa kwa dakika chache kabla ya kupokea ripoti.

Kumtambua anayehitaji kulindwa

Baada ya mtoto kupumua, alama za Apgar (alama 0 hadi 10 za hali ya mtoto anapozaliwa) ziandikwe za dakika ya 1, ya 5 na ya 10, kwa ukweli. Mtoto mwenye alama 5 au pungufu katika dakika ya 10, au aliyehitaji kupuliziwa hewa mpaka dakika hiyo, yumo hatarini na anapaswa kulazwa hata kama sasa anaonekana mchangamfu. Vilevile alazwe mtoto yeyote aliyelegea, asiyenyonya, anayelala bila kuamka au anayekodoa macho bila kumtazama mtu.

Kwa kufuatilia hali ya ubongo bila mashine, mfumo wa Thompson, uliochapishwa mwaka 1997 na madaktari wa Cape Town, unafaa sana kwa hospitali zetu. Muuguzi hutazama mambo tisa, yakiwemo ukakamavu wa misuli, fahamu, degedege, mkao, kunyonya, kushika, upumuaji na utosi, akatoa alama zinazofikia 22 kwa jumla. Ufanyike angalau mara moja kwa siku, na ni vizuri ufanywe na mtu yuleyule. Alama huweza kupanda siku ya pili na ya tatu, jambo linalolingana na lile wimbi la pili nililolieleza; zikishuka na kuisha kufikia siku ya 7, kuna sababu nzuri ya matumaini.

Joto: usimpoze, lakini zaidi ya yote usimpashe kupita kiasi

Hapa ndipo penye upotovu mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangu mwaka 2005 majaribio makubwa ya Marekani, Uingereza na kwingineko yameonyesha kwamba kuushusha mwili wa mtoto hadi nyuzi joto 33.5 hivi kwa saa 72, kukianza ndani ya saa 6 za uhai, kunapunguza vifo na ulemavu. Wahudumu wengi wamesikia habari hiyo, na wapo wanaojaribu kuiga kwa chupa za maji baridi au barafu. Wasifanye hivyo. Majaribio yale yalifanyika katika vyumba vya uangalizi maalumu, penye mashine za kupumulia, vipimo vya damu kila baada ya saa chache na muuguzi aliyekaa kando ya kitanda kimoja. Jaribio lililoitwa HELIX, lililohusisha watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu vikijumlishwa, na kwamba vifo vyenyewe vilikuwa vingi zaidi kwa waliopozwa: asilimia 42, dhidi ya 31 kwa wasiopozwa. Na wodi zile zilikuwa na vifaa kuliko hospitali nyingi za wilaya za kwetu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, jaribio dogo la watoto 36 lililochapishwa mwaka 2008 nalo lilikuwa na vifo vingi upande wa waliopozwa, ingawa idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu.

Lakini kukataa kupoza si ruhusa ya kuchemsha. Katika jaribio mojawapo la Marekani, watoto wa kundi lisilopozwa ambao joto lao lilipanda walipata matokeo mabaya zaidi. Kila nyuzi moja ya ziada ilihusishwa na ongezeko la zaidi ya mara tatu la uwezekano wa kufa au kupata ulemavu. Mtoto huyu basi ashikiliwe kati ya 36.5 na 37.5, na asiachwe hata mara moja afike 38.

Kulitekeleza hilo kunategemea mahali. Huko nyanda za juu, Mbulu au Njombe, hatari ya usiku ni baridi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, hatari ni joto la chumba, blanketi mbili, kofia ya sufu, na kipasha joto kilichowashwa hadi mwisho huku watoto watatu wakikigawana na hakuna hata mmoja aliyewekewa waya wa kupima ngozi. Pima joto kwapani kila saa kwa saa 6 za kwanza, kisha kila baada ya saa 3 mpaka siku ya tatu, na liandike. Likizidi 37.5, ondoa tabaka moja la nguo, msogeze mbali na kipasha joto, kisha pima tena baada ya nusu saa. Na kama homa inaendelea, fikiria maambukizi. Likiwa chini ya 36.5, mpashe polepole. Ni kawaida kwa mtoto aliyekosa hewa kupoa mwenyewe katika saa za kwanza, na kosa linalotokea ni kumfunika na kumpasha kwa haraka hadi apite kiwango upande wa pili. Jiko la mkaa lisiingizwe wodini kwa sababu yoyote ile, kwani moshi wake unaondoa oksijeni ileile tunayoipigania.

Sukari, hewa na maji

Ubongo uliojeruhiwa ukikosa sukari hujeruhiwa mara ya pili. Pima glukosi kwa tone la kisigino mapema baada ya kulazwa, kisha kila baada ya saa 3 hadi 6 katika siku ya kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa mshipa na taratibu, halafu anza dripu na urudie kipimo baada ya nusu saa.

Oksijeni itolewe kwa anayeihitaji, ikiongozwa na oksimeta, yaani kipimo cha oksijeni kwenye damu, kiwango kikiwa kati ya asilimia 90 na 95. Oksijeni ya ziada nayo ni sumu kwa ubongo huu. Mtoto anayepumua mwenyewe asiendelee kubanwa mfuko kwa kasi, kwa sababu hewa chafu (kaboni dioksidi) ikitolewa kupita kiasi mishipa ya damu ya ubongo husinyaa.

Maji yaanzie kwenye mililita 60 kwa kilo kwa siku, pungufu kidogo kama hakojoi, kwa kuwa figo zake nazo ziliumia. Mkojo hupimwa kwa kupima nepi kavu na iliyolowa. Akitulia, na tumbo likiwa laini, maziwa ya mama yaanze kwa mpira wa kulishia, mililita chache kila mara. Mama asaidiwe kukamua tangu siku ya kwanza kila baada ya saa 3. Akisubiri mpaka mtoto awe tayari kunyonya, maziwa huenda yakawa yamekauka. Vitamini K isisahaulike.

Degedege

Degedege la mtoto mchanga halifanani na la mtoto mkubwa. Linaweza kuwa kucheza midomo kana kwamba ananyonya, kukodoa macho upande mmoja, miguu kwenda kama ya mwendesha baiskeli, mkono mmoja kurukaruka, au pumzi kukatika ghafla. Mtetemeko wa kawaida hukoma ukikishika kiungo kwa upole, degedege haliachi. Likitokea, fungua njia ya hewa, pima sukari, na kama sukari ni nzuri mpe fenobabitali miligramu 20 kwa kila kilo, kwa mshipa, kwa muda wa dakika 20. Likiendelea, ongeza miligramu 10 kwa kilo, jumla isizidi 40, huku mfuko wa kupulizia hewa ukiwa mkononi, maana dawa hiyo huweza kuzima pumzi. Isitolewe kama kinga kwa mtoto ambaye hajapata degedege. Deksamethasoni, manitoli na bikaboneti ya kutolewa kwa mazoea hazina nafasi katika tiba hii. Mtoto ambaye degedege limekoma kwa zaidi ya saa 72 na uchunguzi wake wa neva ni wa kawaida anaweza kuachishwa dawa kabla ya kwenda nyumbani.

Kama rufaa inahitajika, mtoto asafirishwe baada ya sukari kupimwa, dripu kukaa sawa na joto kuwa la kawaida, akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, iwapo anapumua vizuri, na muuguzi mwenye mfuko wa kupulizia hewa aandamane naye. Barua itaje muda kamili alipozaliwa, alipoanza kupumua, na dawa alizopewa kwa miligramu.

Kuzungumza na familia

Mama huwa anauliza jambo moja, hata kama hatamki: je, ni kosa langu? Ajibiwe waziwazi kwamba si kosa lake, na ajibiwe mbele ya mume na mama mkwe ikiwezekana, kwa kuwa lawama nyingi zitamngoja nyumbani. Bibi anayeamini kwamba degedege huletwa na ndege au pepo asidharauliwe. Aelezwe kwamba ubongo wa mjukuu wake ulikosa hewa, na aombwe, kama mtu mwenye sauti katika nyumba, ahakikishe mtoto analetwa hospitali kwanza. Usiahidi kwamba hakutakuwa na tatizo, wala usitangaze ulemavu siku ya pili. Sema unachokiona leo, na useme lini utaangalia tena.

Wengi watakua vizuri, hasa wale walioanza kunyonya na kuchangamka mapema. Wachache watapata mtindio wa ubongo, na kwao kuanza mapema mazoezi ya viungo na mafunzo ya kumlisha kwa usalama hubadilisha sana maisha ya miaka inayofuata. Mama afundishwe kurudi haraka akiona mtoto wa miezi mitatu bado anafumba ngumi muda wote, wa miezi minne au mitano haimudu shingo, anapaliwa kila anaponyonya, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Mzunguko wa kichwa upimwe kila anapokuja, mpaka afikishe miaka miwili, na usikivu na uoni wake uangaliwe. Kwenye kadi ya kliniki iandikwe kwa maneno kamili kwamba alikosa hewa alipozaliwa na alipata degedege au hakupata, ili muuguzi wa zahanati ya kijijini ajue kumkagua mtoto huyo zaidi ya kumpima uzito na kumchanja.